Seva ya Mlimani na Vifaranga Wake

Vijana wangu wa ofisi ya Makambako, mliniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijasahau. Kusahau bado. Shida yangu ni kicheko. Kila nikianza kusimulia Jumamosi ile ya seva ya mlimani nacheka kabla sijafika katikati, na anayenisikiliza anabaki kunitolea macho. Kwenye karatasi angalau naweza kucheka peke yangu, nikafuta macho, nikaendelea. Mume wangu yuko sebuleni na ameshauliza mara moja kama niko salama.

Nianze mwanzo. Niliajiriwa kuwa mpiga chapa. Shirika letu lilikuwa na zahanati zake huku na huku mkoani Njombe, na ofisi yake hapo Makambako, ambako upepo ukiamua kuingia ndani hauulizi kama dirisha limefungwa. Siku yangu ya kwanza nilikuta mezani kompyuta mbili mpya zimefunikwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya sebule ya wageni, na hakuna aliyekuwa amethubutu kuzifunua. Mimi nilifunua moja kwa sababu nilidhani ni taipureta. Kwa kosa hilo nikapewa kazi ya maisha yangu.

Aliyeniona nikifunua ni Mzee Luoga, fundi wetu wa jenereta. Mkuu wa ofisi alikuwa amemkabidhi kompyuta nazo, kwa hoja kwamba jenereta na kompyuta zote ni mambo ya umeme, kwa hiyo ni ndugu.

"Unaitwa nani, binti?"

"Rehema."

"Unaogopa umeme, Rehema?"

Nikamwambia naogopa sana.

"Vizuri. Wasiouogopa nimeshawasindikiza makaburini. Nishikie tochi."

Nilimshikia tochi kwa miaka mingi. Mzee Luoga alitibu mashine kwa sikio. Aliinama, akaweka shavu kwenye ubavu wa kompyuta, akafumba macho, kisha akatangaza kwamba hii ina mafua, maana yake feni imejaa vumbi. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi, kipande cha kanga na brashi ya kupakia rangi, laini, ambayo hakuruhusu iguse rangi hata siku moja. Brashi hiyo ninayo. Siku ya kustaafu niliitia mkobani kabla ya kitu kingine chochote, na kama mmekuwa mkiitafuta, msiitafute tena.

Kulikuwa na zahanati moja ambayo kompyuta yake ilizima Jumapili asubuhi tu. Siku nyingine zote ilikuwa mzima wa afya. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha soketi, nikaanza kuhisi mambo ya ajabu ambayo Mlutheri hatakiwi kuyahisi. Mzee Luoga akasema twende tukasali huko, kwenye kanisa la jirani na zahanati. Tukakaa benchi la nyuma. Kwaya iliposimama, mpiga kinanda akachomeka kinanda na spika kwenye waya mrefu uliotokea dirishani, na waya ule ulitoka zahanati. Ng'ambo ya pili kompyuta ikakata roho. Mzee Luoga aliuimba wimbo ule mpaka ubeti wa mwisho, kwa sauti nzito, ndipo akaenda kuzungumza na mwalimu wa kwaya.

Tabia zake mbili nilizichukua zikawa zangu, na zote mbili zinahusika na kisa hiki. Ya kwanza, kila alipofunga injini mpya, ile ya zamani aliiacha palepale pembeni mpaka mpya izoeleke. Ya pili ni amri aliyoifundisha kila zahanati tulikopeleka mashine. Alimshika mhudumu mkono, akakiweka kidole chake juu ya kitufe cha kuwashia, akamwambia: "Ikinyamaza, iamshe." Basi. Umeme wetu mnaujua. Bila amri ile tungekuwa barabarani kila wiki kwenda kubonyeza kitufe kimoja.

Mzee Luoga alipotangulia mbele ya haki, kazi ilikuwa imeshabadilika. Kila zahanati ilipata seva, ile kompyuta moja ambayo haizimwi, inayotunza mafaili ya wagonjwa na kuzigawia nyingine. Nikawa naziendesha zote nikiwa nimekaa Makambako, nimejifunga shali, chai pembeni. Mliniita Mama Seva. Nilijifanya kukasirika, lakini nilifurahi mno, na leo nakiri.

Seva niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zahanati ya mlimani, mbele kabisa ya Kifanya, kule barabara inakopita katikati ya misonobari na kuanza kujuta. Simu za kawaida hazishiki pale mpaka upande juu msituni. Kwa hiyo niliipa seva kazi ya ziada: igawe na waifai kutoka kwenye dishi la paani. Seva ikiwa hai, simu zao zinafanya kazi. Seva ikizima, mlima mzima kimya. Wakati ule niliona nimebuni jambo la maana sana.

Mlinzi wa seva ile alikuwa Mama Faraja, mhudumu wa zahanati. Ndiye aliyefungua milango asubuhi, ndiye aliyeandikisha wagonjwa, na kidole chake kilikuwa kimeshikwa na Mzee Luoga mwenyewe. Nilipomtembelea mwaka mmoja wakati wa baridi, nilisikia seva ikitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mashine yoyote. Nikaweka shavu ubavuni. Sauti ikasema piyo.

Nyuma ya seva, pale feni inapotolea hewa ya moto, palikuwa na boksi la dawa limejaa vifaranga.

"Mama Faraja, hawa ni nini?"

"Ni vifaranga, mama."

"Naona. Wanafanya nini kwenye chumba cha mashine?"

"Wanaota moto. Jiko la mkaa ulilipiga marufuku humu, na nje barafu inalala kwenye majani. Nikaona huyu anapuliza joto mchana na usiku na hakuna anayelitumia. Ni wa sadaka ya mavuno."

Mwenye ubavu wa kulinyang'anya kanisa vifaranga wake na ajitokeze. Nilisogeza boksi nyuma kidogo, nikafuta manyoya kwa brashi ya Mzee Luoga, nikanyamaza. Kila mwaka walikuja vifaranga wapya. Niliwahesabu kama sehemu ya mitambo.

Sasa tunafika penyewe. Mwaka huu, wakati nimebakiza wiki chache kazini, makao makuu wakatangaza kwamba kuanzia mwezi unaofuata hawatapokea tena chochote kutoka kwenye seva zenye mfumo endeshi wa zamani. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine zote. Seva zote nilikuwa nimeshazibadilisha isipokuwa ya mlimani. Nilikuwa nimepanga kwenda mwenyewe, niage watu, nile ugali wa Mama Faraja. Mvua ikasomba daraja. Malori ya mbao yakapanga foleni upande mmoja, na upande wa pili ikabaki zahanati yangu na seva yake ya kale.

Ilibidi nibadilishe kwa mbali. Kwa ambaye hajafanya kazi hii: ni kama kumwelekeza mtu kwa simu abadilishe gurudumu la gari, ila huyo unayemwelekeza ndiye gari. Ukimaliza unamwambia azimike na awake upya, na pale anapozimika huna wa kuongea naye. Akiwaka, vizuri. Asipowaka, hutajua kwa nini.

Nilijiandaa kama anayeoza binti. Nilichukua nakala ya mafaili yote ya wagonjwa. Nilitafuta mashine pacha wa ile ya mlimani, nikamfanyia mazoezi pale ofisini mpaka akachoka. Mfumo mpya niliupeleka kwa vipande vipande, wiki nzima, maana mtandao wa dishi una mwendo wa konokono. Nilifungua njia ya pili ya kuingilia endapo ya kwanza itagoma. Na kwa heshima ya Mzee Luoga, mfumo wa zamani niliuacha pembeni, kwamba mpya ukikataa kusimama, seva irudi yenyewe kwenye wa zamani.

Jumamosi ya kwanza nilitoa amri. Seva ikazimika ili iwake. Nikaanza kuigongea mlango kwa mtandao: upo? Kimya. Upo? Kimya. Mara ikajibu, na moyo wangu ukaruka, kisha nikatazama vizuri. Ilikuwa imerudi kwenye mfumo wa zamani, inapumua kwa shida kama aliyeamshwa kwa maji ya baridi. Simu ya Mama Faraja ikaingia papo hapo, na salamu yetu ya huku mbele.

"Kamwene, mama. Usiwe na wasiwasi, nimekuokolea seva yako."

"Umefanya nini?"

"Ilinyamaza. Nikaiamsha. Ikanyamaza tena, nikaiamsha tena. Ilikuwa mbishi leo, lakini nimebonyeza mpaka ikatii."

Mwacheni Mungu aitwe Mungu. Kila ilipojaribu kuzaliwa upya, Mama Faraja aliizima akidhani anaiwasha. Ningekasirika, lakini ningemkasirikia nani? Kidole kilikuwa chake, amri ilikuwa ya marehemu. Nikaanza maandalizi upya, na safari hii nikampigia siku moja kabla.

"Mama Faraja, kesho mkono wako usiiguse mashine ile."

"Sawa mama."

"Hata ikinyamaza."

"Hata ikinyamaza? Mzee Luoga alisema..."

"Mzee Luoga Mungu amlaze pema. Usiiguse. Mpaka nikupigie mimi, nikwambie kwa mdomo wangu."

Najua kabla hajajibu aliwatazama vifaranga.

"Nakuahidi mbele za Mungu, mama. Mkono wangu hautaigusa."

"Na usiondoke hapo. Ilinde, asije mwingine akaigusa."

"Sitaondoka."

Nikalala nimeridhika kabisa. Angalieni nilivyomfunga yule mama: nilimkataza kugusa, nilimkataza kuondoka, na simu yake ilitegemea mashine ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naenda kuizima.

Jumamosi ya pili, asubuhi ya ukungu, ofisini tulikuwa wawili tu, mimi na mhasibu wetu, Bwana Mgaya, ambaye huja Jumamosi kwa sababu nyumbani kuna kelele. Nikatoa amri. Seva ikazimika. Nikagonga mlango. Kimya. Nikanywa chai. Nikagonga. Kimya. Pacha wake wa ofisini alikuwa ameamka kabla chai haijapoa. Chai yangu ilipoa, nikapasha nyingine, ikapoa nayo.

Hapo nikaanza kuogopa kweli. Kama mfumo mpya umekataa, kwa nini haijarudi kwenye wa zamani? Nilijaribu njia ya kwanza, nikajaribu ya pili. Nilimpigia dereva wa lori ninayemfahamu, akaniambia yuko darajani, anaota moto na wenzake na wanasubiri. Jumatatu ilikuwa kliniki ya wajawazito na ya wenye presha. Wangeanza kutembea alfajiri kutoka vijiji vya mbali, baadhi yao wameshatumwa kupima hospitali ya Ikonda na majibu yao yamo ndani ya seva ile. Nakala nilikuwa nayo, lakini nakala iliyoko Makambako haimsaidii mama aliyesimama mlimani na tumbo lake. Na mimi Ijumaa ndiyo nilikuwa naaga. Miaka yote ile sikuwahi kumwachia mtu mashine maiti, na sasa ningewaachia ninyi moja, na keki ya kuagana juu yake. Sikulia. Nilizunguka meza.

"Kaa, mama," Bwana Mgaya alisema. "Unanitoa kwenye hesabu."

"Mama Faraja yuko pale pale mbele yake," nikamwambia. "Amekaa nayo uso kwa uso, na siwezi kumpata."

"Si apande msituni apige simu?"

"Nimemkataza kuondoka."

"Si aibonyeze?"

"Nimemkataza kuigusa."

Bwana Mgaya akarudi kwenye tarakimu zake. Mtu muungwana sana.

Mchana ukungu ukaondoka, upepo ukaingia. Niligonga mlango wa seva kwa mazoea tu, kama unavyopapasa mfuko ambao unajua ni mtupu. Nikauliza: upo?

Ikajibu.

Nikauliza tena. Ikajibu tena, haraka, kijana kabisa. Nikaingia. Mfumo mpya. Mafaili yote. Wajawazito wote, wenye presha wote, majibu yote ya Ikonda, kila mtu na jina lake. Ndugu zangu, nilipiga kigelegele mpaka Makambako wakadhani kuna harusi. Nilimshika Bwana Mgaya mikono yote miwili nikamzungusha, na kalamu yake sikioni, mpaka shali yangu ikanasa kwenye kiti nusura tuanguke. Sijawahi kuwa na furaha ya kipumbavu namna ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu asisome hapa.

Simu ikaita. Mama Faraja.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Mama Faraja. Imeamka! Imeamka nzima!"

"Naona. Ila nataka kukwambia jambo mapema, usije ukasikia kwa watu. Mkono wangu haukuigusa."

"Hukugusa?"

"Hata kidole. Ilizima, nikakaa. Ikawaka, nikashukuru. Halafu ikasimama. Kwenye kioo ikaandika kizungu kwamba tubonyeze kitufe chochote, iendelee. Nikasubiri unipigie. Hupigi. Nikasema pengine mama ataiambia kutoka huko. Inasubiri tu, na mimi nasubiri. Mganga wetu wa zahanati akapita akasema, bonyeza. Nikamwambia nimeahidi mbele za Mungu. Akasema, basi nibonyeze mimi. Nikamwambia nimewekwa niilinde asiiguse mtu."

Nilikuwa nimeshaanza kuelewa. Mashine ile ilikuwa na tabia ambayo pacha wake hakuwa nayo: ikihisi kitu kimebadilika, inasimama kabla haijaamsha mfumo wowote, mpya au wa zamani, na kungoja binadamu. Jumamosi ya kwanza kubonyeza kwa Mama Faraja kuliipitisha hapo bila sisi kujua.

"Sasa nani amebonyeza, Mama Faraja?"

Nyuma yake nikasikia piyo, piyo.

"Nilisoma tena. Imeandika kitufe chochote. Haikuandika abonyeze nani. Nikamchukua mmoja, yule wa kahawia mwenye miguu mizito, nikamweka juu ya kibodi. Akatembea."

Hapo ndipo nilipocheka mara ya kwanza kicheko hiki ambacho hakijaisha. Nilicheka mpaka Bwana Mgaya akaniletea maji, nikamweleza, naye akayanywa yeye. Mama Faraja alisubiri kwa adabu upande wa pili. Nilipopata pumzi aliuliza swali moja tu: sasa anaruhusiwa kugusa? Maana kifaranga alikuwa ameacha kitu kwenye kibodi, na alitaka kupangusa.

Nilimwambia anaruhusiwa kila kitu. Nilimwambia nampenda. Jumatatu kliniki ilijaa, na saa za mchana alinitumia picha ya foleni, akina mama wamejifunika mablanketi, kila mmoja na majibu yake mkononi. Picha hiyo niliitazama kuliko ile ya keki.

Haya ndiyo mafunzo yangu ya kitaalamu, mkitaka kuyachukua. Fanyeni mazoezi kwa pacha, lakini msimwamini pacha. Acheni mfumo wa zamani pembeni. Na kabla ya kumkataza mtu jambo, hakikisheni mmeacha njia ya yeye kuwaambia kwamba mmekosea. Sasa hivi waifai ya mlimani ina kifaa chake peke yake. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho, niliifanya Alhamisi kwa simu, kwa kidole cha Mama Faraja na kifaa kilichokuwa stoo kwao.

Daraja lilipotengenezwa, Mama Faraja alishuka mwenyewe mpaka hapa kwangu Mahongole, kikapu mkononi. Vifaranga wengine walikuwa wameshapigwa mnada kanisani kwenye sadaka ya mavuno. Huyu mmoja alinunuliwa na watumishi wote wa zahanati kwa mchango, aje kwangu. Ni kuku mkubwa wa kahawia, mwenye miguu mizito. Anaitwa Chochote. Anataga vizuri, na ukiacha mlango wazi anaingia sebuleni kusimama nyuma ya runinga, panapotoka joto.

Mume wangu ameshauliza kuhusu Krismasi. Nimemwambia yule hachinjwi, ni mfanyakazi mwenzangu. Akasema kuku hawezi kuwa mfanyakazi mwenzangu, mimi ndiye niliyebadilisha seva ile. Nikamwambia mimi nilikuwa Makambako nimekaa na chai; aliyekuwepo kazini ni yeye.